Tutunze injini tulizo nazo kabla ya kulilia mpya

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nimeijua tangu nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Macalder. Nimeiandika katika insha zisizo na idadi, na baadaye, nilipokuwa mwalimu, nimewasahihishia wanafunzi wengi walioiandika. Hata hivyo, nakiri mbele ya wasomaji kwamba sikuielewa barabara hadi siku ile mama yangu mdogo aliponiita nyumbani kwake nimsaidie kupakia chuma fulani kwenye mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Chuma chenyewe kilikuwa injini ya mashua, ya aina ile inayofungwa nje, kwenye ubao wa tezi, na kuongozwa kwa mkono. Ilikuwa Seagull kutoka Uingereza, ambayo marehemu baba mdogo aliinunua katika miaka ya 1970 ikiwa tayari imetumiwa na mtu mwingine. Kwa injini hiyo alivua mbuta na ngege, akavusha waombolezaji na wafanyabiashara, akawalipia watoto wake karo ya shule. Alipofariki, injini ilisukumwa chini ya ghala la mahindi, na hapo ikakaa miaka 19 ikiwa makao ya panya na kiota cha kuku. Mnunuzi aliipima kwa macho, akasema atatoa shilingi 700.

Nilimwomba mama mdogo aniuzie mimi kwa bei iyo hiyo. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza: "Mwanangu, wewe mtu wa chaki, utaifanyia nini?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya usiku mmoja ziwani, na usiku huo ndio ulionifanya nishike kalamu leo.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo, nilipanda mashua katika ufuo wa Sori, kwenye Ghuba ya Karungu, nikielekea matangani upande wa Muhuru. Tulikuwa watu sita, akiwemo mama mmoja na mtoto wake mchanga. Mashua ilikuwa ya kikundi cha wavuvi, na injini yake ilikuwa ya nguvu za farasi 40, haijatimiza miaka mitatu tangu itolewe katika sanduku lake. Tulicheka na kupiga gumzo. Hakuna aliyetazama nyuma kuona iwapo ule uzi wa maji unaotakiwa kutoka ubavuni mwa injini ulikuwa ungali unatoka. Kumbe ulikuwa umekatika zamani. Injini ilipata moto, ikanguruma kwa uchungu, ikakaza, ikanyamaza.

Nahodha alivuta kamba mpaka mikono ikachubuka. Hapakuwa na spana hata moja ndani ya mashua ile. Hapakuwa na tanga, na kati ya makasia mawili moja lilikuwa limepasuka. Upepo wa jioni ulitushika ukatusukuma gizani. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Mtu anayesukumwa na upepo huku Nyatike hajui iwapo atapambazukiwa katika maji ya Kenya, ya Tanzania au ya Uganda. Wavuvi wetu wamewahi kukamatwa kwa kupita mipaka isiyoonekana, na habari za Migingo kila msomaji anazijua. Usiku kucha tulichota maji kwa mtungi uliokatwa. Yule mama aliimba kwa sauti ya chini ili mtoto asilie, kisha akaacha kuimba, na kimya chake kilitutisha kuliko mawimbi. Alfajiri tulionwa na wavuvi wa omena waliokuwa wakizima taa zao ili warejee pwani, nao wakatukokota hadi nchi kavu.

Injini ilipofunguliwa, chanzo cha mkasa kilionekana. Ndani ya pampu ya maji mna kigurudumu cha mpira ambacho hakizidi kiganja cha mtu. Kazi yake ni kuvuta maji ya ziwa yapande kupoza silinda. Mpira ule ulikuwa umelika na mchanga na matope, mabawa yake yamekatika moja baada ya jingine. Ungeweza kubadilishwa na mtu yeyote mwenye spana na saa moja ya nafasi. Watu sita na mtoto mchanga nusura waangamie kwa sababu ya kipande cha mpira ambacho hakuna aliyekuwa amekitazama tangu siku injini ilipopokelewa kwa vigelegele.

Basi nilipoiona ile Seagull ikipelekwa kuyeyushwa, niliona haya. Injini mpya ilikuwa imetuacha ziwani kwa kukosa matunzo, na injini kuukuu iliyotunzwa na mtu mmoja kwa miongo kadhaa ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya sufuria mbili.

Sikuwa fundi, wala sijidai kuwa fundi leo. Nilimwendea mzee mmoja hapa kwetu ambaye, akiwa kijana mdogo, aliingia katika karakana ya mgodi wa Macalder miaka michache kabla haujafungwa. Wasomaji wa mbali yafaa waelewe kwamba mji wetu ulizaliwa na mgodi. Dhahabu ilichimbwa hapa kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kisha shaba, hadi shughuli zikakoma mwaka 1966. Mgodi ulipofungwa, walioumiliki waliondoka. Mashine nyingi zilikatwakatwa, zikauzwa, au zikaachwa kwa kutu. Lakini vijana waliokuwa wamefundishwa kushika tupa, kupima kwa kaliba na kusikiliza mlio wa mashine hawakukatwakatwa. Walirudi vijijini na elimu yao mikononi, na baadhi yao ndio walioshughulikia injini za wavuvi wa pwani hii kwa miaka mingi. Sasa wanakwisha mmoja mmoja.

Jambo la kwanza mzee alilonifundisha ni subira. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Mimi nilitaka kutumia nyundo. Mzee alinipokonya nyundo akaiweka nyuma ya mlango. Tulitoa plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika tundu lake, tukaacha. Kila asubuhi nilijaribu kulizungusha gurudumu la juu kwa ubao, bila kulazimisha. Siku ya tisa lilisogea kiasi cha upana wa unywele. Siku ya kumi na moja likazunguka. Angeniruhusu nipige nyundo, ningeipasua silinda, na kiwanda cha Seagull, kilichokuwa katika mji wa Poole, kiliacha kuunda injini hizo mwaka 1996. Silinda nyingine ningeitoa wapi?

Jambo la pili lilikuwa moto. Injini ya petroli haiwaki bila cheche, na cheche huzaliwa na sumaku iliyo ndani ya gurudumu la juu. Pointi zake zilikuwa zimefunikwa na kutu. Tulizisugua kwa msasa laini, tukaacha nafasi ya takriban nusu milimita baina yake, nayo ndiyo unene wa karatasi chache zilizowekwa pamoja. Bado cheche haikuonekana. Mzee akafuata waya wa plagi kwa vidole hadi akakuta panya walipoutafuna. Tulipobadilisha waya huo, tukaegemeza plagi kwenye silinda na kuvuta kamba, kimulimuli cha buluu kiliruka. Nakiri kwamba nilipiga kelele kama mtoto.

Jambo la tatu lilikuwa kabureta. Petroli iliyoachwa ndani kwa miaka mingi huganda ikawa kama utomvu. Tuliisafisha kwa petroli mpya na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli. Mzee alinikataza kuingiza waya wa chuma katika kitundu kinachopitisha mafuta, kwa sababu kitundu hicho kimepimwa, na ukikipanua hata kidogo injini haitapata tena kipimo chake. Alitumia unywele mmoja wa brashi. Aidha, alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria katika miaka yote ya kufundisha jiografia: ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini iliyopimwa kando ya bahari hupata petroli nyingi kupita hewa iletwapo huku, ikafuka moshi na kuilowesha plagi. Kwa hiyo plagi ni kama ulimi wa mgonjwa mbele ya daktari. Ikiwa nyeusi na mbichi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe kama jivu, injini inaungua. Ikiwa na rangi ya hudhurungi, nenda ukavue.

Jambo la nne lilikuwa njia za maji. Mto Kuja hushuka kutoka nyanda za Kisii ukiwa umebeba udongo, ukaungana na Mto Migori, ukaumwaga mzigo wote ziwani huku kwetu Nyatike. Udongo huo ulikuwa umeingia katika mifereji ya kupoza silinda ukakauka ukawa tofali. Tuliuchokoa kwa waya wa mwavuli kwa siku mbili. Nikaelewa ni kwa nini injini za huku hufa kwa joto hata kama hazijaguswa na chumvi. Maji yetu ni baridi, lakini yana mchanga, yana matope, na tangu gugumaji lilipoingia katika sehemu yetu ya ziwa mnamo miaka ya 1990, yana pia mizizi na majani yanayoziba mdomo wa kuvutia maji.

Tulifungua giaboksi, tukakuta oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa, ishara kwamba maji yalipenya. Tukaimwaga, tukatia nyingine nzito. Gasketi tulikata wenyewe kutoka karatasi ngumu. Hatimaye tuliifunga injini kwenye pipa lililojaa maji, kwa kuwa mzee hakukubali iwashwe ikiwa kavu hata kwa dakika moja. Tulipima mafuta kwa chupa. Seagull za zamani hutaka oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 10, ilhali injini nyingi za baadaye zinazochanganyiwa oili hutaka sehemu 1 kwa 50. Mtu asiyejua tofauti hiyo anaweza kuua injini kwa ukarimu au kwa ubahili. Nilizungusha kamba, nikavuta. Mara ya saba ilikohoa. Mara ya kumi na mbili iliwaka, ikajaza boma moshi, na mama mdogo akatoka jikoni mbio akiwa na mwiko mkononi. Alisimama pale pale mlangoni. Baadaye aliniambia kwamba kwa kitambo kidogo alidhani mumewe amerudi kutoka ziwani.

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba hizi ni hadithi za wastaafu wasio na kazi, na kwamba mvuvi wa leo anahitaji injini mpya wala hahitaji mabaki ya enzi za ukoloni. Nami nakubaliana nao kwa sehemu. Injini kuukuu hunywa petroli nyingi. Hutoa moshi, na sehemu ya oili yake huishia ndani ya maji tunayokunywa na kuvulia. Anayeweza kununua injini ya kisasa isiyochanganyiwa oili na anunue, tena haraka. Simwombi mtu yeyote aende Migingo kwa Seagull.

Lakini nauliza: hiyo injini mpya itatunzwa na nani? Injini ya kisasa haipunguzi haja ya matunzo, bali huongeza. Ina oili yake ya kubadilishwa, ina vichujio, ina sehemu nyororo zisizovumilia petroli chafu. Na petroli chafu tunaijua. Mwaka 2018 serikali ililazimika kuongeza tozo maalumu juu ya mafuta ya taa ili kuzuia walanguzi wasiyachanganye na petroli na dizeli. Mtu aliyeshindwa kutazama uzi wa maji ubavuni mwa injini ya kale atawezaje kuyatimiza haya yote?

Ukweli ni kwamba sisi wakazi wa pwani hii, kutoka Muhuru na Karungu hadi Mbita na Mfangano katika kaunti jirani ya Homa Bay, tumezoea kuiona injini kama zawadi. Kila unapokaribia uchaguzi, viongozi huja ufuoni na injini zinazong'aa. Picha hupigwa, akina mama hupiga vigelegele, vijana hubeba injini mabegani kama jeneza la mtu mashuhuri. Sijawahi kumwona kiongozi aliyekuja na sanduku la spana. Sijawahi kumsikia aliyetangaza kwamba pamoja na injini hizo amelipia karo ya vijana wawili wajifunze kuzifungua na kuzifunga. Matokeo yake ni kwamba injini moja inapokufa, wavuvi hungoja uchaguzi mwingine, au huipasua iwe vipuri vya nyingine, hadi zote zikaishia kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu.

Hapa Macalder tunao mfano ambao tunaupuuza kila siku. Katika miaka ya 1950, ili kuupatia mgodi umeme, kituo kidogo cha nguvu za maji kilijengwa penye maporomoko ya Gogo katika Mto Kuja, chenye uwezo wa megawati 2. Mgodi ulikufa mwaka 1966. Kituo cha Gogo hakikufa pamoja nao. Kiliingia katika mikono ya umma, kikawa chini ya kampuni ya KenGen, na kikaendelea kutoa umeme miongo mingi baada ya mashine za mgodi kugeuka kutu. Mashine za Gogo na mashine za mgodi zilikuwa za rika moja, zilitumikia kazi moja, zilinyeshewa mvua moja. Tofauti ni kwamba zile za Gogo zilikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuzitia oili, na hizi nyingine hazikuwa naye.

Wala si kwetu tu. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alianza kuuza injini za mashua mwaka 1909 katika mji wa Milwaukee, na jina lake likaenea katika maziwa na bahari zote za dunia. Mwaka 2020 kampuni iliyomiliki jina hilo ilitangaza kwamba imeacha kuunda injini hizo. Siku hiyo injini za Evinrude zilizokuwa majini hazikuzimika. Zinaendelea kufanya kazi kwa wale wanaojua kuzitunza. Viwanda hufungwa, majina hufa, nasi hatuna uwezo juu ya hayo. Tulicho na uwezo nacho ni iwapo maarifa yatabaki kwetu au yatazikwa na wazee wetu.

Kwa hiyo nina maombi machache, na naomba wahusika wasiyachukulie kama malalamiko ya kawaida ya gazetini.

Kwanza, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliziachia serikali za kaunti masuala ya uvuvi na pia vyuo vya ufundi vya vijijini. Mambo haya mawili yamewekwa katika mkono mmoja. Kuna sababu gani basi kijana wa Nyatike au Suba ajifunze ushonaji, useremala na uashi katika chuo kilicho karibu na ziwa, asijifunze injini ya mashua? Injini zilizokufa, ambazo leo huuzwa kwa kilo, ndizo zingekuwa vifaa bora vya kufundishia. Hazihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Ziko chini ya maghala yetu.

Pili, kamati za usimamizi wa fuo, ambazo wavuvi huziita BMU, zilipewa nguvu za kisheria kwa kanuni za mwaka 2007 na bado zinatambuliwa. Kamati hizo zina daftari za mashua na za samaki. Ziongeze daftari moja la injini: imebadilishwa oili ya giaboksi lini, imebadilishwa mpira wa pampu lini, nani aliifungua. Kila ufuo uwe na sanduku lenye plagi, mipira ya pampu, pini za rafadha na spana zake, linalojazwa kwa senti chache kutoka kila kilo ya samaki inayopimwa. Ikiwa tunaweza kuchanga kwa ajili ya matanga, tunaweza kuchanga ili matanga yapungue.

Tatu, kiongozi au shirika lolote litakaloleta injini liambiwe waziwazi kwamba injini isiyo na vifaa, vipuri na mafunzo haitapokelewa. Najua ni vigumu kumkatalia mtu zawadi yake. Lakini mtu anayekupa ng'ombe bila malisho amekupa kazi ya kuzika mzoga.

Nne, sisi watumiaji wenyewe tuache uvivu. Oili ipimwe kwa kipimo, isikadiriwe kwa jicho. Uzi wa maji utazamwe kila mara, na ukikatika injini izimwe papo hapo na gugumaji liondolewe. Oili ya giaboksi ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi, au miezi 6 ikiwa kazi ni chache. Mpira wa pampu ukaguliwe kila mwaka, na katika matope ya Kuja ukaguliwe hata kabla ya hapo. Mashua ising'oe nanga bila plagi ya akiba, spana yake, kamba ya kuvutia, makasia mazima na tanga. Babu zetu walilivuka ziwa hili kwa tanga. Si aibu mjukuu kulibeba likiwa limekunjwa.

Tano, na hili ni ombi kwa kila boma lenye injini iliyolala: kabla ya kuiita chuma chakavu, iiteni fundi aitazame. Na kama fundi huyo ni mzee, hakikisheni kuna kijana aliyesimama kando yake akishika taa.

Natambua kwamba haya hayana shangwe. Hakuna kiongozi atakayepigiwa ngoma kwa sababu ya mpira wa pampu uliobadilishwa kwa wakati, kwa kuwa ajali iliyozuiwa haionekani. Mtoto yule mchanga tuliyekuwa naye ziwani hatakumbuka usiku ule. Mimi naukumbuka kwa niaba yake. Na kila ninaposikia injini ikipita mbali, sikio langu husubiri iwapo mlio utaendelea au utakatika.

Kuhusu ile Seagull, sikukaa nayo muda mrefu. Wiki mbili baada ya kuwaka, mama mdogo alifika kwangu asubuhi na mapema akiwa na shilingi 700 zilizofungwa katika pindo la leso yake. Alizihesabu mezani, akasema anaitaka injini ya mumewe. Sikubishana naye. Nilimpa sharti moja tu, kwamba mjukuu wake asiifunge kwenye mtumbwi kabla hajaifungua yote mbele ya mzee, akaifunga tena, akaiwasha kwa mkono wake mwenyewe. Kijana alitumia siku nne. Parafujo moja ilibaki mezani alipomaliza, na mzee akamrudisha mwanzo.